Tone Linalofika: Mhadhara kuhusu Kuchagua Mkebe wa Oili wa Pampu

Mafundi wa Nyeri, Karatina, Othaya na Nanyuki, walimu wa vyuo vya ufundi na wanafunzi wenu: ninayo hoja moja ya kuitetea leo. Mkebe wa oili wa pampu, ule unaobanwa kwa kidole gumba ukatema oili kupitia mdomo wake mrefu, unafaa kuchaguliwa kama kinavyochaguliwa kifaa cha kupimia. Anayenunua kaliba huuliza kama inasoma sawasawa leo na kesho. Anayenunua mkebe wa oili huuliza bei, huuliza unabeba kiasi gani, pengine hutazama rangi, kisha analipa na kuondoka. Maswali yanayoamua maisha ya mashine yamebaki dukani bila kuulizwa. Kila mbano unatoa mililita ngapi? Kiasi hicho hubaki kilekile mbano baada ya mbano? Na oili yenyewe inaingia ndani ya beringi, au inaishia juu ya chuma ikitiririka hadi sakafuni? Nadai kwamba maswali haya matatu yanatangulia ukubwa, bei na jina la mtengenezaji, na kwamba fundi anayeyapuuza hulipa gharama yake mahali pengine, kwa bushi, kwa shafti na kwa siku zisizo na kazi.

Hapa chini ya Mlima Kenya jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya aina ya mashine tulizo nazo. Kiwanda kinachojengwa upya leo huwekewa beringi zilizozibwa kabisa, na panapohitaji oili huwekwa pampu ya umeme inayoigawa kwa mirija. Karakana zetu nyingi zina mashine zilizofanya kazi mahali pengine kwa miaka mingi kabla ya kufika huku: lethi iliyonunuliwa kwa mtumba kutoka Eneo la Viwanda la Nairobi, msumeno wa meza wenye shafti ndefu, mashine ya kutoboa ya kusimama, cherehani za Singer katika vibanda vya Karatina. Hizi ni mashine za bushi na matundu ya oili, zilizobuniwa kwa imani kwamba kila asubuhi atakuja mtu na mkebe. Katika viwanda vya kahawa vya ushirika kama Gichathaini, Kangocho na Gatomboya, mashine ya kumenya hukaa miezi bila kazi, halafu msimu mkuu ukifunguka mnamo Oktoba huzungushwa siku baada ya siku huku ikimiminiwa maji, na maji hayo huiosha oili palepale inapohitajika. Kwenye viwanda vya chai vya Chinga, Iriaini, Gathuthi na Ragati majani hupita katikati ya rola za CTC (kuponda, kurarua na kukunja), mashine iliyobuniwa na William McKercher huko Assam mwaka 1930, na tone lililokosea njia juu ya rola kama hizo linaelekea kwenye kikombe cha mtu. Kwa hiyo tuna mashine zinazodai oili kwa mkono, na tuna mazao yasiyosamehe oili iliyomwagika. Mkebe unatakiwa ukidhi yote mawili.

Ili tujue mashine inataka oili kiasi gani, turudi Uingereza mwaka 1883. Chama cha Wahandisi wa Mitambo cha nchi hiyo kilimpa Beauchamp Tower kazi ya kuchunguza beringi za mabehewa ya reli. Alitengeneza beringi iliyoelemewa kwa uzito kutoka juu, shafti ikizunguka chini yake na kugusa oili iliyokuwa kwenye birika. Baadaye akatoboa tundu juu ya beringi akikusudia kuweka kikombe cha kutilia oili. Mashine ilipowashwa, oili ilipanda kupitia tundu lile na kumwagika nje. Tower akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa kikatoka. Akaziba kwa kipande cha mti, nacho kikatoka. Mwishowe akaweka geji ya presha, nayo ikapita ratili 200 kwa inchi ya mraba, ilhali uzito wa wastani juu ya beringi ulikuwa ratili 100 tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichotokea: shafti inayozunguka huiburuta oili na kuisukumia mahali panapozidi kuwa pembamba, na oili iliyobanwa pale huiinua shafti yenyewe. Chuma kinaelea. Utando unaokibeba ni mwembamba kuliko unywele.

Naliweka jaribio la Tower mbele yenu kwa sababu linabatilisha dhana iliyokita mizizi karakanani, kwamba oili ni ya kulowesha na kwamba panapolowa sana ndipo panapotunzwa sana. Ndani ya beringi ya bushi kazi hufanywa na utando mwembamba mno, ambao ujazo wake ni matone machache. Oili inayozidi hapo haiongezi unene wa utando, kwa kuwa unene unaamuliwa na kasi, uzito, mnato wa oili yenyewe na nafasi iliyopo kati ya shafti na bushi. Inayozidi hutoka kwa pembeni. Lakini matone hayo machache nayo hayakai: katika bushi isiyo na birika, oili huvuja kidogokidogo kwenye ncha zote mbili mpaka utando ukatike, na kila mashine inaposimama na kuwashwa tena, shafti huanza kwa kugusa chuma kabla ya kuelea. Lethi ya jua kali huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku. Kwa hiyo haja yake ni kidogo kwa kila mara, na mara nyingi, hasa kabla ya kuanza. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni kidogo sana. Mtu akimimina nusu kikombe Jumatatu akasahau hadi Jumamosi, ametumia oili nyingi kuliko jirani yake anayetia matone matatu kila asubuhi, na bushi yake imekaa kavu sehemu kubwa ya juma.

Reli zilijifunza hili mapema, kwa kuwa garimoshi la mvuke lilikuwa na sehemu nyingi za kutiwa oili na lilikuwa likisimamishwa ili zitiwe. Elijah McCoy, aliyezaliwa Ontario nchini Kanada mwaka 1844 na wazazi waliotoroka utumwa Marekani, alisomea ufundi mitambo Edinburgh, lakini aliporudi Amerika Kaskazini kampuni ya reli ya Michigan ilimpa kazi ya kuchochea moto na kutia oili tu. Mwaka 1872 alipata hataza ya kifaa kinachoipa injini oili yenyewe ikiwa inatembea, kidogokidogo. Tangu hapo mkondo wa maendeleo katika fani hii umekuwa kudhibiti kipimo. Mikebe nayo iliufuata. Mji wa Leeds, uliokuwa na viwanda vingi vya mitambo, ndiko Joseph Kaye alikotengeneza mikebe ya reli yenye valvu inayofunguliwa kwa kidole gumba, na ndiko kampuni ya Braime ilikoanza mwaka 1888 kwa kupiga mikebe ya oili kutoka kwa bati. Reli ilipofika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930 kupitia Kiganjo, ilikuja na utamaduni huo: dereva akizunguka injini na mkebe wa mdomo mrefu kabla ya safari. Valvu ya Kaye ilikuwa na maana moja tu, kwamba oili isitoke ila pale mtu anapotaka itoke. Pampu iliongeza maana ya pili, kwamba itoke kwa kiasi kinachojulikana.

Sasa tuushike mkebe wenyewe. Ndani yake kuna silinda ndogo, pistoni, springi, na valvu mbili ambazo kwa kawaida ni vigololi. Ukibana, pistoni husukuma oili kwenye mdomo na kigololi cha chini huziba njia ya kurudi. Ukiachia, springi huirudisha pistoni, kigololi cha juu huziba, na oili mpya hunyonywa kutoka chini. Pampu za kawaida za karakana hutoa kati ya nusu mililita na mililita moja kwa mbano mzima. Tone moja la oili ni kama sehemu ya thelathini ya mililita. Maana yake ni kwamba mbano mmoja uliojaa unaweza kutoa matone 15 hadi 30, mahali ambapo bushi ya lethi ndogo ilihitaji matatu au manne. Hili halisemwi dukani. Pampu kubwa husifiwa kuwa ina nguvu, na fundi huenda nayo nyumbani kumbe imemlazimisha kumwaga. Kwa karakana ya lethi, cherehani na mashine za kutoboa, mimi ningechagua pampu yenye mbano mdogo kuliko zote zilizopo dukani, na ningekataa ile ambayo haiwezi kubanwa nusu ikatoa nusu.

Namna ya kujua ni rahisi, na muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakukatalia. Nenda na oili yako na sirinji ya mililita 20 kutoka duka la dawa. Vuta pistoni ya sirinji uitoe, ziba ncha kwa kidole, uisimamishe. Bana mkebe mara chache pembeni mpaka hewa yote itoke kwenye mdomo, kisha bana mara kumi ndani ya sirinji na usome. Mwaga, rudia. Mwaga, rudia tena. Ukipata mililita saba, saba, saba, una kipimo mkononi: kila mbano ni sehemu saba za kumi za mililita, na unaweza kumwambia mwanagenzi wako nusu ya mbano asubuhi na nusu mchana ukajua umemwambia nini. Ukipata saba, tano, nane, pampu hiyo inanyonya hewa au valvu yake haikai, na hakuna bei nafuu itakayoigeuza kuwa nzuri. Baada ya hapo ulaze mkebe ubavuni juu ya gazeti wakati mnazungumzia mengine. Doa likitokea kwenye shingo ya pampu, umeona kile kitakachotokea kwenye rafu yako kila usiku.

Kipimo kikishapatikana, bado safari ya tone haijaisha. Kuna mdomo. Karibu na mwaka 1840, daktari Mfaransa Jean Poiseuille, aliyetaka kujua jinsi damu inavyopita katika mishipa myembamba, na mhandisi Mjerumani Gotthilf Hagen, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba kimiminika kinachosukumwa katika mrija mwembamba hupungua kwa kasi ya kushangaza kipenyo kinapopungua. Kipenyo kikiwa nusu, kwa presha ileile, kinachopita ni sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo tofauti ya mdomo wa milimita mbili na wa milimita moja, ambayo jicho linaiona ndogo, ni kubwa mno kwa kidole gumba. Ongezeni baridi yetu. Nyeri iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750, na asubuhi za Juni hadi Agosti hushuka hadi karibu nyuzi 10. Oili ya VG 68, inayotumiwa sana kwenye reli za lethi, imepewa namba hiyo kwa kipimo cha mnato katika nyuzi 40. Katika nyuzi 10 mnato wake huzidi mara tano. Mkebe uliojaribiwa Mombasa ukaonekana mwepesi unaweza kukataa kabisa hapa saa moja asubuhi, na hapo ndipo kijana hukata ncha ya mdomo kwa msumeno ili oili ipite, akaharibu kipimo milele. Kwa oili nyepesi ya cherehani, mdomo wa milimita moja unatosha. Kwa VG 68 na nzito zaidi, tafuteni wenye njia pana zaidi na mfupi kadiri kazi inavyoruhusu. Mdomo unaopinda hufika nyuma ya kinga za mikanda na ndani ya vibweta vya gia, na kwa sehemu hizo hauna mbadala, lakini mrija wake hutanuka kidogo unapobana na kuendelea kudondosha baada ya kuachia. Mgumu wa chuma hukata tone pale unapotaka. Karakana inayoweza kununua miwili inunue mmoja wa kila aina, na inayonunua mmoja inunue mgumu.

Halafu kuna tundu lenyewe. Lethi nyingi, za Kiingereza za zamani na za Kichina za sasa, hazina tundu wazi bali zina kigololi kidogo cha chuma kilichokaa kwenye springi, sawa na uso wa mashine, kuzuia vumbi. Ncha ya kawaida ya mkebe, yenye duara, hugusa kigololi kikashuka kidogo, na oili hurudi juu kupitia pembeni, ikaenea usoni pa mashine. Fundi huona oili ikimeremeta akaridhika. Ndani hamkuingia kitu. Ili oili iingie, ncha inatakiwa ikibonyeze kigololi na wakati huohuo izibe mzunguko wake, na pampu iwe na nguvu ya kuisukuma dhidi ya springi. Kwa hiyo ncha ya shaba iliyochongwa bapa au iliyoingia ndani kidogo, au yenye pete ndogo ya mpira, ina thamani kuliko mkebe mzima wa chuma kinachong'aa. Lethi hiyohiyo inaweza kuikereza ncha kama hiyo kutoka kwa kipande cha shaba chini ya saa moja, mradi mdomo wa mkebe una nyuzi za kufungia. Angalieni nyuzi hizo kabla ya kununua. Mkebe ambao ncha yake imeunganishwa moja kwa moja hauwezi kurekebishwa na mtu yeyote, hata fundi bora wa mji huu.

Yapo mambo mengine nitakayoyapita upesi. Ujazo wa mililita 200 au 300 unatosha. Wenye nusu lita huchosha kifundo cha mkono na huiacha oili ikae miezi ikikusanya vumbi. Kila mkebe lazima uwe na kijitundu cha kuingizia hewa, la sivyo pampu itanyonya utupu, na katika banda la seremala kijitundu hicho kikae mahali ambapo vumbi la msumeno haliwezi kulala. Pampu ifunguke kwa spana, kwa kuwa washa zake zitachakaa. Aina moja ya oili, mkebe mmoja, na rangi yake ijulikane na wote. Kwa viwanda vya chai hili la mwisho si la hiari: mkebe wa oili inayoruhusiwa karibu na chakula usikaribiane kamwe na mkebe wa oili ya gia.

Nimesikia mapingamizi kadhaa dhidi ya mtazamo huu, na yanastahili jibu. La kwanza ni la chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko kwa msumari. Haigharimu kitu, inaonyesha oili iliyobaki, na inapatikana kila mahali. Nakubali kwamba kwa mnyororo wa baiskeli au bawaba ya lango inatosha. Lakini chupa hutoa oili kulingana na jinsi ulivyoiinamisha na jinsi ulivyoifinya, na mikono miwili haifinyi sawa. Ikiachwa juani, hewa iliyo ndani hutanuka na kuisukuma oili nje yenyewe. Tena ni chupa ya kinywaji, na katika banda ambalo watoto hupita wakitoka shule, kuweka sumu ndani ya chupa ya kinywaji ni kosa ambalo hakuna akiba ya shilingi inayoweza kulihalalisha.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na husemwa na mafundi wenyewe: kipimo kiko mkononi mwa fundi, na mwenye mkono mwangalifu atatia tone sahihi hata kwa njiti. Ni kweli. Fundi cherehani mzoefu hutia tone moja kwa ncha ya sindano na vazi la mteja lisipate doa. Lakini anayetia oili katika karakana zetu ni nani? Mara nyingi ni mwanagenzi wa miezi miwili, kwa sababu kazi hiyo huhesabiwa duni. Uzoefu wa fundi haumfikii kijana huyo kwa maneno kama "kidogo tu" au "usizidishe", maneno ambayo kila mtu huyapima kwa hisia zake. Mkebe unaotoa kiasi kilekile humwezesha fundi kumpa kijana amri inayotekelezeka. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama kwa miguu yote miwili: pampu nzuri haiondoi haja ya ujuzi, inaubeba ujuzi wa mmoja hadi kwenye mkono wa mwingine. Vijana wanaofunzwa katika Nyeri National Polytechnic au Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi watakwenda kusimamia watu wengine, na wataulizwa si tu kama wanajua kutia oili, bali kama wanaweza kuhakikisha imetiwa.

La tatu ni lile la kuzidisha kwa usalama: bora imwagike kuliko ikose. Lingekuwa na mashiko kama oili iliyomwagika isingekwenda popote. Inakwenda. Juu ya reli za lethi hushikana na chembe za grainda ikawa tope linalosaga chuma taratibu. Juu ya sakafu husubiri mvua, kisha huelekea Mto Chania, na kutoka hapo Sagana na Tana. Inakwenda pia mwilini mwa mtu. Katika viwanda vya kusokota pamba vya Lancashire, mashine zilirusha oili ya spindeli kwenye suruali za wasokotaji walioegemea mbele yake siku nzima kwa miaka, na wengi wakapata saratani ya ngozi ya korodani. Kamati ya serikali ya Uingereza ilitoa ripoti kuhusu jambo hilo mwaka 1926, lakini ilichukua hadi 1953 kwa kanuni kulazimisha oili salama zaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Nawaomba msichukue historia hiyo kama ya watu wa mbali, kwa sababu mikebe mingi hapa hujazwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwa injini za matatu. Oili hiyo ina masizi, asidi, maji na chembe za chuma. Huila bushi iliyokusudiwa kutunzwa, huulowesha mkono wa kijana, na jambo la kwanza inaloliua ni pampu yenyewe, kwa kuwa chembe moja chini ya kigololi inatosha kuifanya valvu isizibe. Mwenye kulalamika kwamba mikebe ya pampu haidumu aseme kwanza aliijaza nini.

La nne ni kwamba wakati wa mkebe umepita, beringi za leo zimezibwa na zilizobaki ni za girisi. Sehemu yake ni kweli, na ni muhimu kuitambua: mashine ya posho ya nyundo hukaa juu ya beringi za vigololi zenye nipo za girisi, na anayezitia oili ya mkebe huiyeyusha girisi iliyomo na kuziua. Mkebe hauna kazi pale. Lakini reli za lethi, skrubu zake ndefu, bushi za shafti, viungo vya cherehani na minyororo ya viwandani havijazibwa, na mashine hizi hazitaondoka Nyeri kwa sababu tu mpya zimebuniwa Stuttgart.

Litabaki lile la kusema jambo ni dogo mno. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliiambia serikali ya Uingereza kwamba maarifa sahihi ya msuguano, uchakavu na utiaji oili yangeiokolea nchi ile takriban pauni milioni 515 kwa mwaka. Fedha hizo hazikuwa zimepotea mahali pamoja pakubwa. Zilipotea beringi moja moja. Nasi tumekuwa na mjadala mrefu kuhusu jua kali tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, hadi waraka wa serikali wa 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Tumezungumza mabanda, mikopo, soko na umeme. Matunzo ya mashine ambazo mikopo hiyo hununua hayajapata sauti inayolingana na uzito wake, ingawa mkopo wa lethi hulipwa na lethi inayozunguka.

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa wanaonunua kwa wingi, yaani vyama vya ushirika, viwanda na vyuo, kwa sababu muuzaji huleta kile wanunuzi wakubwa wanachokitaja. Leo zabuni nyingi zinaweza kuandika "mkebe wa oili, mililita 300" na kuishia hapo, na maneno hayo yanaruhusu chochote. Yaandikwe mengine: mbano usiozidi nusu mililita na unaogawika, njia ya mdomo ya milimita moja na nusu kwa VG 68, ncha ya shaba yenye nyuzi, inayoziba tundu la kigololi, pampu inayofunguka, washa mbili za akiba na springi moja. Na kabla ya malipo, mikebe mitatu ichaguliwe kutoka kwenye katoni bila mpangilio, ijazwe oili itakayotumika, ipimwe saa moja asubuhi kwa mibano kumi kumi ndani ya sirinji, muuzaji na fundi wa karakana wakisoma namba pamoja na kuziandika.